Stima Ikipotea Kabla Kazi Haijahifadhiwa

Hati ambayo haijahifadhiwa huishi mahali pamoja tu: katika kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ile inayofanya kazi maadamu umeme unaingia. Maandishi yanapopigwa, picha inapovutwa kutoka pembeni hadi katikati ya ukurasa, rangi ya kichwa inapobadilishwa, yote hutunzwa humo kwanza. Diski, ambayo hukumbuka hata mashine ikizimwa, haijui lolote mpaka iandikiwe. Ndiyo maana stima ikipotea kwa sekunde moja, kompyuta ya mezani isiyo na betri huzimika papo hapo na kazi ya saa tatu huondoka nayo, au huonekana imeondoka. Mara nyingi programu ya kupanga kurasa ilikuwa imeshaandika nakala yake ya siri mahali fulani kwenye diski bila kumwambia mtu. Kazi ya fundi ni kujua nakala hiyo iko wapi, na kutoifuta kwa mkono wake mwenyewe kabla hajaifikia.

Katika kaunti za Homa Bay na Migori nchini Kenya, kinachopotea hivi mara nyingi ni kijitabu cha mazishi. Zipo kazi nyingine: kadi za harusi, mitihani ya shule, vitabu vya risiti, mabango ya wanasiasa. Lakini kijitabu cha mazishi kina haraka isiyongoja mtu. Maziko mengi huwa Jumamosi, isipokuwa kwa familia za Kisabato, ambazo kwa kawaida huiepuka siku hiyo na kuchagua nyingine. Basi kuanzia katikati ya wiki saiba (maduka ya kompyuta) za Oyugis, Rodi Kopany, Mbita, Awendo na Migori mjini huketi hadi usiku, wenye msiba wakisimama nyuma ya kiti cha fundi, simu mkononi, wakisubiri jina la shemeji aliyesahauliwa liongezwe. Kijitabu cha kurasa 16 huchapwa kwenye karatasi 4 za A4 zilizokunjwa katikati. Karatasi ya nje hubeba ukurasa wa 16 na wa 1 upande mmoja, na wa 2 na wa 15 upande wa pili. Ndani yake mna wasifu wa marehemu, orodha ya watoto na wajukuu, ratiba ya ibada, nyimbo za Dholuo na picha nyingi. Programu haiyajui maneno ya Dholuo, kwa hiyo huyapigia karibu yote mstari mwekundu, na masahihisho hufanywa kwa macho ya jamaa. Kazi kama hiyo ikipotea, ugumu wa kuirudia hauko katika kuchapa. Uko katika kuyatafuta upya makosa yote ambayo shangazi alikwisha kuyaonyesha.

Sababu za kupotea ni kadhaa, na stima hulaumiwa kuliko inavyostahili. Ni kweli kwamba ukanda huu wa ziwa una radi nyingi, na nyaya hukatika. Ni kweli pia kwamba gridi ya taifa yenyewe huanguka: mwaka 2023 pekee, karibu nchi nzima iliingia gizani tarehe 25 Agosti, 11 Novemba na 10 Desemba. Lakini mashine hukwama hata stima ikiwepo, hasa kompyuta yenye kumbukumbu ndogo inapopewa picha 20 za simu, kila moja ikiwa na megabaiti kadhaa. Flashi huchomolewa hati ikiwa bado wazi. Na lipo kosa ambalo hakuna fundi anayependa kulitaja: programu inauliza kama ihifadhi mabadiliko, mtu amechoka, anabonyeza hapana. Kosa hili la mwisho ndilo baya kuliko yote, kwa kuwa programu nyingi hulichukulia jibu hilo kuwa amri ya kuifuta nakala ya siri. Umeme ukikatika, mashine haipati nafasi ya kufanya usafi. Mtu akisema hapana, usafi hufanywa kikamilifu. Kwa hiyo aliyekatikiwa na stima ana matumaini makubwa kuliko aliyefunga hati kwa kidole chake.

Uchapishaji wa eneo hili ni wa zamani kuliko kompyuta kwa miaka mingi. Gendia, karibu na Kendu Bay, Arthur Carscallen, mmisionari wa Kisabato aliyefika huko mwaka 1906, aliweka mtambo mdogo wa kupiga chapa mwaka 1913. Kutokana na mtambo huo ilikua nyumba ya uchapishaji inayojulikana leo kama Africa Herald Publishing House. Enzi hiyo ukurasa ulikuwa kitu cha kushikika: herufi za risasi zilizopangwa moja moja ndani ya fremu. Fremu ikidondoka, herufi hutawanyika sakafuni lakini huwa zipo, na karatasi ya majaribio iliyokwisha kupigwa hubaki mezani ikionyesha kila herufi ilikaa wapi. Kompyuta imeziondoa herufi za sakafuni, ila karatasi ya majaribio bado ipo, kwa sura nyingine, na itarudi katika mazungumzo haya pale itakapofika zamu ya simu.

Dakika za kwanza baada ya hati kutoweka ndizo zenye thamani, na jambo la busara ndani yake ni kutenda machache. Mashine haifai kusafishwa, wala programu za kufuta faili za muda kuendeshwa, wala programu ya kupanga kurasa kuondolewa na kuwekwa upya, jambo ambalo vijana wengi hulikimbilia kama dawa ya kila ugonjwa. Katika saiba kuna swali jingine la kuulizwa kabla ya lolote: je, kompyuta hii ina programu ya kuigandisha, kama Deep Freeze? Baadhi ya wenye saiba huiweka ili virusi na uchafu wa wateja viondoke kila mashine inapowashwa upya. Kwenye mashine ya aina hiyo, kila kilichoandikwa kwenye diski iliyogandishwa hufutika kompyuta inapoanza tena, pamoja na nakala za siri za programu zote. Programu ikikwama hapo bila stima kukatika, haifai kabisa kuizima kompyuta. Heri kuifunga programu peke yake, kuifungua tena, na kukihamishia kwenye flashi chochote kitakachookolewa. Stima ikiwa imekatika, hapo hakuna la kufanya kwenye mashine hiyo, na ni afadhali fundi alijue hilo mapema kuliko kupoteza usiku akitafuta.

Programu inayotumika sana kwa vijitabu katika saiba za kawaida ni Microsoft Publisher, ambayo Microsoft iliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Ndani ya chaguo zake, chini ya sehemu ya kuhifadhi, kuna mpangilio wa kuweka taarifa za uokoaji kila baada ya dakika kadhaa. Programu huja ikiwa imewekwa dakika 10. Maana yake ni kwamba mashine ikizimika ghafla, kinachoweza kurudi ni hali ya hati ilivyokuwa wakati wa nakala ya mwisho, na kazi ya dakika 9 za mwisho inaweza kuwa imekwenda. Publisher ikifunguliwa tena baada ya ajali, huleta hati ilizofanikiwa kuziokoa. Hapo ndipo wengi hukosea mara ya pili. Wanaiona hati imerudi, wanashusha pumzi, wanaendelea kupanga picha bila kuihifadhi. Stima inapotea tena, kama ilivyo kawaida ya stima inayorudi kwa kusitasita, na safari hii hakuna kinachorudi. Hati iliyookolewa huhifadhiwa kwanza, kwa jina jipya, kabla ya kuguswa hata nukta moja. Jina jipya ni muhimu, kwa kuwa nakala iliyookolewa huenda ina kasoro, na haifai ikae juu ya hati ya zamani iliyo nzima.

Watu waliozoea Word hutafuta katika Publisher kile kitufe cha kuokoa hati zisizohifadhiwa. Kitufe hicho ni cha Word, Excel na PowerPoint. Programu hizo zina folda maalumu ya hati ambazo mtu alizifunga bila kuhifadhi, na Microsoft imeeleza kuwa rasimu hizo hukaa kwa siku 4. Katika Publisher hakuna haja ya kujisumbua kukitafuta. Kinachofaa ni kutafuta faili za muda. Fundi huonyesha faili zilizofichwa, huingia katika folda ya mtumiaji iitwayo AppData, kisha Local, kisha Temp, na kuzipanga faili kwa saa zilipobadilishwa. Faili yenye ukubwa unaokaribiana na hati iliyopotea, na saa inayolingana na ajali, hunakiliwa mezani, hubadilishwa mwisho wa jina lake kuwa nukta p-u-b, na kujaribiwa kufunguliwa. Mara nyingi haifunguki. Ikifunguka, inaweza kuwa na maandishi bila picha, au kurasa za mwanzo tu. Hata hivyo kurasa nane zenye majina yaliyokwisha kusahihishwa ni bora kuliko ukurasa mtupu saa sita usiku.

Adobe InDesign, iliyotoka mwaka 1999, imejengwa kwa namna tofauti, na katika jambo hili ni bora zaidi. Haingoji dakika 10. Huandika mabadiliko katika faili ya uokoaji iliyo kando na hati yenyewe wakati kazi ikiendelea, na mtu akihifadhi au kufunga kwa utaratibu, yaliyomo humo huunganishwa na hati. Mashine ikizimika, InDesign inapofunguliwa tena hurudisha hati, na juu ya dirisha, kando ya jina, huonekana alama kwamba hii ni nakala iliyookolewa. Hata hati ambayo haijawahi kupewa jina huweza kurudi kwa njia hii. Fundi akiridhika nayo, anaihifadhi kwa jina jipya. Akiona imeharibika, anaifunga bila kuhifadhi na kuifungua ile ya mwisho aliyoihifadhi mwenyewe. Tatizo hutokea pale nakala ya uokoaji yenyewe inapokuwa mbovu, programu ikawa inaanguka kila inapojaribu kuifungua. Dawa ni kuiondoa folda ya uokoaji mahali pake na kuiweka kando, bila kuifuta, ili programu ifunguke ikiwa tupu. Hati iliyorudi ikiwa na tabia za ajabu, maandishi yakiruka au ukurasa ukigoma kufutwa, husafirishwa katika muundo wa IDML na kufunguliwa upya. Muundo huo uliokuja na toleo la CS4 huiandika hati yote upya kutoka mwanzo, na uchafu mwingi hubaki nyuma.

InDesign ina kasoro moja inayowaudhi wapya. Kwa kawaida haiweki picha ndani ya hati. Huweka picha ndogo ya kuonyeshea na anwani ya mahali picha halisi ilipo. Hati inaweza kuokolewa yote, lakini kama picha zilikuwa kwenye flashi ya mteja na mteja amepanda matatu kwenda Sori, kitakachochapwa ni ukungu. Uso wa marehemu kwenye jalada si mahali pa ukungu.

PageMaker haina budi kutajwa, maana huenda ofisi kongwe ya chapa ikawa inaitumia hadi leo, ingawa toleo lake la mwisho, la 7.0, lilitoka mwaka 2001. Programu hii, iliyoanzishwa na kampuni ya Aldus mwaka 1985 na kuingia mikononi mwa Adobe mwaka 1994, ilikuwa na ujanja mzuri: ilijihifadhi kidogo kidogo kila mtu alipohamia ukurasa mwingine, alipoongeza au kuondoa ukurasa, au alipochapa. Aliyeharibu ukurasa angeweza kushika kitufe cha Shift huku akichagua amri ya kurudisha, akarudi hadi hifadhi hiyo ndogo ya mwisho badala ya kurudi mbali. Mafundi wa zamani walijifunza kuruka ukurasa wa mbele na kurudi, kwa makusudi, kila walipomaliza jambo la maana. Ni tabia nzuri, ila haina faida yoyote katika programu za leo.

CorelDRAW, ambayo wachora mabango na wapiga chapa wa fulana huipenda, huacha nakala mbili. Moja huwekwa pale mtu anapohifadhi, kando ya hati, ikianza na maneno ya Kiingereza yenye maana ya nakala ya akiba. Nyingine huwekwa yenyewe kila baada ya muda uliopangwa, katika folda ya muda au folda aliyoichagua mwenye mashine, na programu huuliza kuhusu kuirudisha inapofunguliwa baada ya ajali. Scribus, programu ya bure, nayo huweza kujihifadhi yenyewe, na ina sifa moja ambayo programu za biashara hazina: hati yake ni maandishi ya kawaida ya XML. Ikiharibika, huweza kufunguliwa kwa programu yoyote ya maandishi, na maneno ya wasifu yakaonekana humo katikati ya alama, yakanakiliwa. Ni kazi ya kuchosha, lakini haikwami.

Kuna hati ambazo huitwa zimepotea kumbe zimehifadhiwa mahali pasipojulikana. Mteja anafungua kiambatisho moja kwa moja kutoka barua pepe, au kutoka folda iliyobanwa ya zip, anakifanyia kazi saa nzima, anabonyeza Ctrl na S kama alivyofundishwa, anafunga. Kazi imehifadhiwa kweli, lakini ndani ya folda ya muda ambayo hataiona tena. Aliyeipakua kutoka WhatsApp ya kompyuta ataikuta katika folda ya vipakuliwa, pengine ikiwa na namba mwishoni mwa jina, kwa kuwa aliipakua mara tatu. Katika hali zote hizi, orodha ya hati za karibuni ndani ya programu yenyewe hutoa anwani, na utafutaji wa faili zote za aina hiyo zilizobadilishwa leo hutoa zilizosalia. Hatua hii huchukua dakika mbili, na inafaa itangulie vituko vyote vya faili za muda.

Njia hizo zote zikishindwa, hubaki mabaki ya kazi yaliyo nje ya programu. La kwanza ni foleni ya printa. Kompyuta inapotuma hati kuchapwa, huiandika kwanza katika folda ya foleni ndani ya diski. Stima ikikatika kabla printa haijamaliza, kazi hiyo mara nyingi hubaki pale, na mashine ikiwashwa huendelea kutoka kama kwamba hakuna lililotokea. Zaidi ya hapo, katika sifa za printa kuna chaguo la kuziweka hati zilizokwisha kuchapwa. Saiba iliyoliwasha chaguo hilo huweza kuchapa tena kijitabu cha jana hata kama hati yenyewe haipo, ingawa haiwezi kukirekebisha.

La pili ndilo karatasi ya majaribio ya enzi hizi, nalo limo ndani ya simu. Siku hizi hakuna familia inayokubali kijitabu bila kukiona kwanza. Fundi hutoa PDF, huituma kwa WhatsApp, nayo husambaa katika kikundi cha familia, kwa binamu aliye Nairobi na kaka aliye Doha, kila mmoja akituma masahihisho yake. PDF hiyo ni hazina. Word, tangu toleo la 2013, huweza kuifungua na kuigeuza kuwa maandishi yanayoharirika, ingawa mpangilio huyumba. LibreOffice Draw huifungua ukurasa kwa ukurasa na kuruhusu neno moja moja kusahihishwa palepale, kwa hiyo kama kasoro zilizobaki ni chache, kijitabu huweza kurekebishwa ndani ya PDF na kuchapwa bila kuijenga upya hati ya awali. Picha ndani yake huwa zimepunguzwa ubora, lakini asili zake bado zimo katika mazungumzo hayohayo ya WhatsApp, pamoja na wasifu ulioandikwa na mtoto wa kwanza. Masahihisho nayo yamo, katika sauti zilizorekodiwa na jumbe fupi, kwa mpangilio wa saa. Fundi mwenye akili akikaa na jamaa mmoja mwenye simu yenye chaji huweza kukijenga upya kijitabu kwa muda mfupi kuliko ilivyochukua mara ya kwanza, kwa sababu safari hii hakuna mabishano ya nani atajwe kabla ya nani. Hayo yalikwisha kuamuliwa.

Flashi inahitaji maelezo yake. Hati iliyofutwa kwenye flashi haitupwi kwenye kapu la takataka la kompyuta. Huondoka moja kwa moja. Lakini kufuta huondoa tu alama inayosema hati iko wapi, na nafasi yake hutangazwa kuwa huru. Yaliyomo hukaa palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Programu kama Recuva, au PhotoRec ambayo ni ya bure na huria, husoma flashi na kuvirudisha vilivyobaki. Masharti ni mawili: flashi isiandikwe chochote tangu kugundua hasara, na vilivyookolewa viwekwe kwenye diski nyingine, si kwenye flashi ileile. PhotoRec haijali majina ya zamani, kwa hiyo hurudisha mamia ya faili zenye namba badala ya majina, na kuzipekua ni kazi ya subira. Kwenye diski za kisasa za SSD zilizo ndani ya kompyuta, matumaini ni madogo sana, kwa kuwa mfumo huiarifu diski mara moja kwamba nafasi fulani haitakiwi tena, na diski hujisafisha.

Hasara nyingi za flashi, hata hivyo, si hasara. Kirusi cha njia za mkato, ambacho kimesumbua saiba za Kenya kwa miaka mingi, huzificha folda za mtu na kuweka njia za mkato zenye majina yaleyale. Mteja aliyevuka kutoka Sirari hadi Isebania na flashi yenye mitihani ya shule anaifungua, anaona alama ndogo za mishale, anaambiwa kila kitu kimekwenda. Hakijaenda. Faili zimewekewa sifa ya kufichwa na ya kuwa za mfumo, na amri ya attrib katika dirisha la amri huziondolea sifa hizo zikaonekana tena. Kosa kubwa ni kuifomati flashi kabla ya kuangalia, na hufanywa kila siku.

Wabunifu vijana wengi wamehamia Canva, mara nyingine kwa simu tu. Humo hakuna kitufe cha kuhifadhi cha kusahau. Kazi huandikwa kwenye mtandao kila inapobadilika. Stima ikikatika, muundo hukutwa ulipoachwa. Udhaifu umehamia kwenye intaneti: mtandao ukikatika, mabadiliko hubaki kwenye kivinjari yakisubiri, na kuufunga ukurasa kabla haujaunganika tena kunaweza kuyapoteza. Ukurasa uachwe wazi hadi bando liongezwe. Canva kwa upande wake haifai sana kwa vijitabu vya kukunjwa vinavyochapwa pande mbili, maana mpangilio wa 16 na 1, 2 na 15 lazima ufanywe na programu nyingine au na printa.

Kinga ni nyepesi kuliko tiba, na sehemu yake kubwa haina gharama. Muda wa nakala za uokoaji hupunguzwa kutoka dakika 10 hadi 2 au 3. Kwenye mashine dhaifu kijitabu chenye picha nyingi kitasita kidogo kila nakala inapoandikwa, na hiyo ni bei inayostahili kulipwa. Hati hupewa jina kabla ya neno la kwanza kuchapwa. Kazi hunakiliwa kutoka flashi hadi diski ya ndani, hufanywa humo, kisha hurudishwa flashi ikiisha. Kila marekebisho makubwa ya familia hupewa namba yake, ili binamu akibadili nia saa nne usiku, toleo la saa mbili liwepo. UPS, yaani betri ya akiba ya kompyuta, hugharimu pesa, lakini hata iliyochoka inayotoa dakika chache hutosha kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu. Kosa la kawaida ni kuunganisha kompyuta kwenye UPS na kuiacha skrini kwenye soketi ya ukutani: stima inakatika, mashine inaendelea kunguruma, na fundi yuko gizani. Ctrl na S bado hufanya kazi hata kioo kikiwa cheusi, ilimradi hati ina jina tayari.

Nakala za uokoaji zina upande wa pili ambao wenye saiba hawaufikirii vya kutosha. Kinachoweza kuokolewa na fundi huweza pia kuokolewa na mteja anayefuata kwenye kiti hichohicho. Folda za muda za mashine ya saiba hukusanya vivuli vya vitambulisho, barua za maombi ya kazi, vyeti na mitihani ambayo haijafanywa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 humtaka anayeshika taarifa za watu azilinde, na duka dogo la Rongo halikuachwa nje kwa udogo wake. Kazi ikishakabidhiwa na mteja akaridhika, usafi wa folda za muda, ule uliokatazwa wakati wa ajali, sasa unakuwa wajibu.

Limebaki suala la Publisher yenyewe. Microsoft imetangaza kwamba programu hiyo itakoma kupata msaada Oktoba 2026, na wanaoilipia kupitia Microsoft 365 hawataweza tena kufungua hati zake humo. Matoleo ya zamani yaliyonunuliwa mara moja yataendelea kufunguka kwenye mashine yalipo, bila marekebisho ya usalama. Kwa saiba yenye miaka 15 ya vijitabu, kadi na ratiba katika muundo huo, hati zilizohifadhiwa vizuri kabisa zinaweza kuwa ngumu kufikiwa kuliko zile zilizokatikiwa na stima. Njia ipo. LibreOffice, tangu toleo la 4.0 la mwaka 2013, hufungua hati za Publisher, ingawa fremu zenye mapambo huhama mahali na fonti hubadilika. Publisher yenyewe, ikingali inafanya kazi, huweza kuzitoa hati hizo kuwa PDF moja baada ya nyingine. Zinazofaa kuanziwa ni zile ambazo wateja hurudi kuziomba: vyeti vya shule, kadi za kanisa, na vijitabu vya mazishi ambavyo familia huvihitaji tena siku ya ukumbusho.